Tisa Hadi Moja: Shangazi, Kisukari na Vilima vya Kisii

Shangazi yangu ana miaka 64, na 11 kati ya hiyo ameishi na kisukari. Kwa miaka mingi amekuwa akipita karibu na Fort Jesus, Mombasa, akiwatazama tembo na vifaru wa mawe laini ya sabuni waliopangwa mezani kungoja watalii, na kila mara swali lake ni lilelile: "Hawa tembo huzaliwa wapi?" Siku moja nikamwambia huzaliwa Tabaka, Kisii. Akasema, "Basi nipeleke hiyo wodi ya kujifungulia."

Nyumbani pakawaka moto. Na sindano je? Na chakula cha ugenini? Mwenye sukari hupelekwa kliniki, hapelekwi matembezi! Shangazi akawajibu wote kwa mpigo mmoja: "Sindano zangu nitaziweka dirishani, nazo zione nchi."

Tukaenda. Treni mpaka Nairobi, tukalala usiku mmoja, kesho yake matatu kupitia Narok, Bomet, Sotik na Keroka, zaidi ya kilomita 300. Wiki mbili kabla ya safari alikuwa amemwona daktari wake, wakakubaliana dozi na ratiba, kwa hiyo la dozi halimo humu. Hilo ni la daktari wako na wewe. Tulikaa siku 6 kwa familia ya rafiki yangu niliyesoma naye chuo, upande wa Nyamira, katikati ya mashamba ya majani chai. Orodha hii tuliiandika tukirudi, yeye akisema, mimi nikiandika, tukigombania namba mpaka abiria wa kiti cha nyuma naye akapiga kura.

9. Roho haibebwi na mkoba mmoja

Siku 6 za ugeni, dawa za siku 12. Nusu mkobani mwa Shangazi, nusu mwangu. Begi kubwa la matatu huishia butini au juu ya keria, huko likaiva jua, likalaliwa na magunia. Insulini, mashine ya kupimia, vijiti na sukari ya dharura vikae mapajani. Barua ya daktari inayoeleza sindano hizo ni za nini ikae juu kabisa, kwa sababu stesheni ya Mombasa mizigo hupangwa chini na mbwa wakaipitia mmoja mmoja. Shangazi alimtazama mbwa akinusa mkoba wake na kupita. "Amenusa insulini," akasema, "akaona bora afya yake."

Usitegemee kwamba lolote utalinunua utakapofika. Wenyeji wengi wa Kisii na Nyamira ni Wasabato, na Jumamosi vituo vidogo vya vijijini hunyamaza, maduka yamefungwa, watu wako kanisani. Ni siku tulivu na nzuri sana kwa mgeni, mradi asiwe anatafuta betri ya mashine yake.

Na wakati wa kurudi, jihadhari na zawadi. "Tembo wa kilo mbili na chupa ya kioo begi moja?" Shangazi aliniuliza pale Tabaka. "Mwanangu, tembo atashinda."

8. Joto linaogopwa sana, barafu haiogopwi kabisa

Sisi wa Pwani hulindia insulini joto, na ni sawa. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishafunguliwa, insulini nyingi hudumu wiki 4 hivi katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 au 30. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi lako. Lakini mtu asikutishe kwamba bila friji huwezi kutoka mlangoni. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na joto la nyumba za Dagahaley, katika kambi za Dadaab, huku kwetu Kenya. Joto lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Waliporudisha joto hilohilo maabara kwa wiki 4, insulini ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa kwenye baridi. Hiyo ni faraja kubwa kwa maelfu ya watu wasio na friji, na huwa nashangaa kwa nini haisemwi kwa sauti katika kila kliniki.

Barafu ndiyo haina msamaha. Ile nyumba ya wageni tuliyolala Nairobi, mhudumu alichukua chupa moja ya Shangazi kwa moyo mweupe kabisa na kuiweka pale panapogandisha nyama, ili ikae vizuri zaidi. Asubuhi ilikuwa jiwe. Insulini ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka na kuonekana maji safi, itupe. Nilidhani Shangazi atalia. Alipapasa mkoba wangu, akatoa chupa ya akiba, akaibusu. "Sasa unajua kwa nini namba 9 iko kwenye orodha," akaniambia, na hapo orodha yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Kisii yenyewe haina shida ya joto. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na tulikokuwa palikuwa juu zaidi. Chupa iliyofunguliwa ilikaa rafuni, imefungwa kitambaa, mbali na jiko. Shangazi ndiye aliyehitaji blanketi.

7. Funga kifuniko

Kisii hunyesha karibu kila alasiri, na unyevu huharibu vijiti vya kupimia. Toa kimoja, funga kopo papo hapo, vingine usivihamishie kwenye karatasi wala mfukoni. Shangazi: "Namba hii ni fupi kwa sababu hata kufunga kifuniko ni kufupi."

6. Chai inayokuja na sukari yake

Hapa nataka tukae kidogo.

Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyansiongo: kwa mtu wa Mombasa hayo ni majina ya vijiji, kwa mkulima wa Nyamira ni majina ya viwanda vya chai. Mgeni anapewa chai kwa fahari, kama sisi tunavyotoa kahawa na halua. Na chai hiyo hutoka jikoni imeshamalizika: maziwa, majani na sukari vimechemka sufuria moja, vikaingia chupa moja. Hakuna kikombe cha kutia mwenyewe. Siku ya kwanza tulipita nyumba 4. Vikombe 4, kila kimoja kina vijiko 2 vya sukari, kijiko gramu 4 hivi: gramu 32 kabla hujagusa chakula.

Nyumba ya kwanza ndipo nilipojifunza jambo jingine. Kijana wa hapo, rafiki yangu, alichungulia sebuleni akasema, "Baba anauliza kama mtakunywa chai." Tukageuka kumtafuta mzee. Akatoka mama, amejifunga leso, anatabasamu. Kumbe kwa Ekegusii *baba* ni mama, na baba ni *tata*. Shangazi akamshika mkono mwenyeji wake akasema, "Ikiwa baba huku ni mama, basi mimi shangazi huku ni nani, mjomba?" Mwanamke yule alicheka mpaka akaketi. Tangu dakika ile walikuwa dada wawili.

Lakini kikombe kilikuja, na Shangazi akakinywa chote, kwa haya. Jioni mashine ikasoma milimoli 15.3 kwa lita. Kwa hiyo sheria ni hii: sema wakati sufuria bado iko motoni, si kikombe kikiwa mkononi. Kikombe kilichomiminwa ni zawadi, ukikirudisha umeirudisha zawadi. Sufuria ambayo haijatiwa sukari ni mazungumzo tu. Kesho yake Shangazi aliingia jikoni mwenyewe, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Dada, nyinyi ndio wenye chai. Mimi miaka yote nimekunywa sukari yenye rangi ya chai. Leo nataka niionje chai yenyewe." Hakuna mkulima anayekataa maneno hayo. Alipewa kikombe chake peke yake, na mwenyeji akakaa mbele yake kumwangalia uso anapoonja.

5. Sahani ya Kisii inakupenda, ukiitazama vizuri

Wale waliosema "chakula cha ugenini" walikosea kuliko wote. Mboga za huku ni dawa ya macho: *chinsaga*, ambayo wengine huiita mgagani, chungu kidogo, imepikwa polepole na kumaliziwa kwa maziwa, *rinagu*, yaani mnavu, na nderema zinazoteleza. Maparachichi yanaanguka yenyewe kama maembe ya kwetu, na hayana sukari ya kukutisha. Maziwa ya mgando, *amabere amaruranu*, ni makali na hayahitaji kutiwa kitu.

*Obokima* wa wimbi ni mweusi, mzito, una kambakamba nyingi kuliko sima ya unga mweupe uliokobolewa, na hukaa tumboni. Hata hivyo ni sima. Wimbi huenda usipandishe sukari kwa kasi ileile, lakini unapandisha. Kipimo cha Shangazi ni ngumi yake mwenyewe, na nusu ya sahani ni mboga. Mwenyeji alipomwongezea bonge la pili alinyanyua ngumi juu ya meza. Watoto wakadhani anataka kupigana.

Ndizi sasa. Ndizi mbichi ya kupika na ndizi mbivu si kitu kimoja. Kadiri inavyoiva, wanga wake hugeuka sukari. Ndiyo maana ile yenye madoadoa meusi ni tamu kuliko zote, na ndiyo inayopanda haraka. Mbichi za kuchemsha, vipande 2 au 3 na mboga nyingi, zilimkalia vizuri. Mbivu alikula nusu. Nusu nyingine nilikula mimi, kwa siku 6 mfululizo, na sina malalamiko. Miwa ya kutafuna na sukari nguru ya upande wa Mugirango Kusini alitazama tu. "Nimeiona," alisema. "Matembezi ni kuona."

4. Mashine ilipima ndizi

Soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, saa sita mchana. Mikungu imelazwa chini kama watu waliochoka. Shangazi amechagua ndizi ndogo tamu za kuwapelekea watoto wa mwenyeji, amemenya moja, amenionjesha, amemwonjesha na muuzaji. Tukaingia hotelini kula, akatoa mashine, akajidunga kidole cha shahada, akagusisha damu kwenye kijiti. Tukangoja sekunde 5.

18.2.

Uso wake ulibadilika. Asubuhi alikuwa 7.6 na hakuwa amekula kitu kizito. Mkono wake ulishaanza kutafuta chupa, aongeze dozi. Nikamwomba aninyooshee vidole nivione. Vilikuwa vinanata. Tukaenda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni, akajifuta mpaka vikakauka kabisa, akadunga kidole kingine.

8.4.

Tone linalopimwa ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti, kwa hiyo utamu kidogo tu wa tunda ukiwa ngozini huchanganyika na damu na mashine husoma vyote pamoja. Kufuta mara moja kwa pamba yenye spiriti hakutoshi kuuondoa. Ni maji ndiyo yanayoutoa. Hebu fikiri angejidunga insulini ya 18 wakati damu yake ina 8. Namba hii mimi niliitaka iwe 2. Shangazi akakataa: "Iache hapo. Ukiipandisha, watu wataogopa ndizi, na ndizi haina kosa. Kosa ni la kidole."

3½. Manga, na usiku wake

Hii aliichomeka orodha ikiwa imekwisha, ndiyo maana ina nusu. Genge la Manga hupandwa kwa miguu, upepo unakupiga kifuani, na kule juu mji wa Kisii unauona chini yako umetawanyika kama mbegu. Misuli inayofanya kazi hula sukari ya damu. Kwa anayetumia insulini, pima kabla ya kupanda, ukiwa chini ya 5 kula kitu kwanza, na weka peremende mfukoni, si kwenye mkoba wa mtu aliyetangulia mbele.

Ambalo watu hawaambiwi ni kwamba misuli huendelea kudai sukari saa nyingi baadaye, hata ukiwa umelala. Usiku ule Shangazi alipima kabla ya kulala, akakuta 5.1, namba nzuri siku nyingine yoyote. Akaomba kipande cha kiazi kitamu na glasi ya maziwa. "Nimeshuka Manga kwa miguu," akasema, "sitaki kuishuka tena kitandani."

3. Miguu ambayo haikuambii ukweli

Kisukari cha miaka mingi huweza kufisha hisia za nyayo. Jeraha linaingia, mguu unanyamaza, siku ya tatu unaona usaha. Kwa hiyo macho yafanye kazi ambayo mguu umeacha: kila jioni, kioo kidogo chini ya unyayo, taa, kati ya kidole na kidole.

Tabaka ilikuwa ndoto yake. Machimbo yamefunguka ardhini, meupe, ya waridi, ya kijivu, na wanaume wako ndani wanapasua magogo ya mawe. Juu yake, nje ya nyumba, wanaume wanachonga kwa panga na visu, na wanawake wameketi na mabeseni ya maji wakisugua kwa msasa mpaka jiwe ling'ae kama ngozi iliyopakwa mafuta. Shangazi alikaa nao saa nzima. Alipewa kifaru kichanga akisugue masikio, akasugua kwa makini kama anayemwogesha mjukuu. Lakini chini pale pamejaa vigae vyenye makali, na vumbi la jiwe hilo likipata maji huteleza kama sabuni iliyolipa jina. Alikuwa amevaa viatu vya kufunika na soksi nyeupe za pamba. Kwa nini nyeupe? Kwa sababu damu huonekana. Kandambili alizitoa kwenye begi tangu Mombasa, na kwa mtu wa Mombasa hiyo ni talaka.

Hatari iliyonitia hofu zaidi haikuwa jiwe. Ilikuwa bodaboda. Bomba la moshi la pikipiki nyingi za huku liko kulia, linakuwa la moto kama chuma cha mkaa, nalo hukutana na shavu la mguu wa abiria anayepanda au kushuka upande huo. Mwenye hisia huruka na kupiga kelele. Mwenye miguu iliyokufa ganzi anaweza kuuegemeza hapo mpaka asikie harufu. Panda kwa kushoto, shuka kwa kushoto, vaa suruali nzito au gauni lililokunjwa vizuri, na mwambie dereva kabla hajawasha. Shangazi aliwaambia hivi: "Kijana, miguu yangu haina simu. Wewe ndiye utakayeniambia ikigongwa." Mmoja wao, tangu siku hiyo, alikuwa akisimamisha pikipiki, anashuka yeye kwanza, na kumshikia mguu kama anayemshusha bibi harusi.

2. Kuku bado anakimbia

Insulini ya Shangazi ni ile ya mchanganyiko, yenye rangi ya maziwa, unayoiviringisha viganjani kabla ya kuivuta. Hudungwa nusu saa kabla ya kula. Siku ya tatu, saa sita na nusu mchana, mwenyeji alipita akasema kwa furaha, "Dada, chakula kiko tayari!" Shangazi akaingia chumbani akajidunga.

Saa saba niliangalia dirishani. Watoto watatu walikuwa wanamfukuza jogoo kuzunguka migomba, na jogoo ndiye aliyekuwa anashinda.

Mwenyeji hakudanganya. Mgeni wa heshima hawekewi kiporo. Anachinjiwa, na kwa mwenyeji neno "tayari" lilikuwa na maana kwamba kila kitu kimeshaamuliwa, maji yako motoni, unga wa wimbi umechekechwa. Kwa insulini lilikuwa na maana nyingine. Saa saba na nusu Shangazi alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha sweta na kifungo hakiingii. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, huku nje mvua inanyesha na sisi wengine tunasikia baridi. Nilimwuliza kitu, akanijibu kwa ukali, na yeye si mkali. Nikampima: 3.1.

Chini ya 3.9 sukari imeshuka, na hakuna kungoja kuku. Vijiko 4 vya sukari kwenye maji, anywe, tungoje dakika 15, tupime tena. Nusu glasi ya soda ya kawaida ingefanya kazi hiyohiyo. Soda isiyo na sukari haisaidii, na parachichi wala karanga hazisaidii, kwa sababu mafuta huichelewesha sukari kuingia. Dakika 15 zile nilizihesabu kwa saa ya ukutani. 4.6. Kisha ndizi mbivu nzima, ile ambayo siku zote nilikuwa nakula nusu yake. Mtu akiwa amezimia kabisa, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Tangu siku hiyo Shangazi hafuati saa wala neno "tayari". Anakwenda jikoni. Mwiko ukianza kuzunguka kwenye sufuria ya obokima, na mchuzi tayari umeiva, ndipo anaviringisha chupa yake. Wanaomeza vidonge wajue pia: vingine, kama glibenklamidi, huweza kuishusha sukari usipokula, ilhali metformini peke yake ni nadra. Muulize daktari wako chako ni kipi kabla hujaenda ugenini.

Kuku alipofika mezani, saa tisa kasoro, alikuwa mtamu ajabu. Shangazi alimnyooshea kidole. "Wewe," alimwambia, "ulitaka twende wote." Mwenyeji akacheka akafuta macho kwa leso, na Shangazi akamwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akamkatia paja.

1. Sema

Hapa hatukugombana.

Dakika zile Shangazi anatetemeka, mwenyeji alikimbia akaleta blanketi mbili. Alidhani ni baridi ya Kisii imemshika mtu wa Pwani. Alitaka kumfunika, afunge mlango, amwache apumzike mpaka chakula kiive. Kwa upendo mtupu. Kama ningekuwa nimekwenda shambani na kijana wake, Shangazi angefunikwa vizuri, akalala.

Hakuwa amesema. Siku ya tatu ya kukaa kwenye nyumba ile, na watu wale hawakujua. Aliniambia usiku, "Niliona haya. Mgeni anayekuja na masharti ni mzigo." Nikamkumbusha kwamba nami nilinyamaza, nikidhani ni siri yake kuisema. Tukakubaliana kwamba haya hiyo ndiyo ilikuwa hatari kuliko miinuko, mawe, ndizi na chai vyote pamoja.

Asubuhi aliwakusanya wote sebuleni. Akaweka mashine mezani, chupa, sindano, sukari kwenye kijaluba, kama anayeonyesha picha za arusi. Akawaambia mambo matatu tu: nina kisukari, nikitoka jasho na kutetemeka au nikaanza ukali, nipeni sukari kabla ya kuniuliza, nisipoamka, msinipe kitu, nipelekeni hospitali. Mtoto wa miaka 12 akauliza namba gani ni mbaya. Akaambiwa chini ya 4. Akajiteua mwenyewe kuwa afisa wa sukari, na kuanzia hapo kila kipimo kilisomwa kwa sauti nyumba nzima. Tulipopanda matatu, Shangazi alimwambia kondakta vilevile, akamwonyesha mfuko ulipo. Kondakta alimpa kiti cha pembeni karibu na mlango na kila kituo akageuka kuuliza, "Mama, uko sawa?"

Usiku wa tano, baada ya wote kulala, mlango wetu uligongwa taratibu. Mwenyeji aliingia na taa ya simu. Akaketi ukingoni mwa kitanda cha Shangazi, akakaa kimya, halafu akasema, "Dada, hako kamashine, kanaweza kunipima na mimi?"

Shangazi hakuuliza kwa nini. Akasema, "Kwanza kanawe. Jioni ulimenya ndizi." Akarudi mikono imekauka. Kisindano kipya, hakuna kuchangia kisindano hata kwa ndugu wa damu. Tukangoja sekunde 5 katika mwanga wa simu.

16.9. Kidole kingine: 16.4.

Ndipo akaeleza. Kiu. Kuamka usiku mara nne kwenda msalani. Macho kuwa na ukungu akichuma chai. Zaidi ya mwaka. Alidhani ni umri. Shangazi akamwambia kwamba kidole si hukumu, kwamba jibu hutolewa na damu ya maabara. Akamwambia pia kwamba yeye mwenyewe alianza na 19, na tazama, ameshuka Manga.

Siku ya sita tulikuwa tumepanga kwenda vilima vya Kiabonyoru. Tukaenda hospitali ya kaunti Nyamira. Foleni ilikuwa ndefu. Walikaa benchi moja, mwenyeji hajala tangu jana usiku, Shangazi amepakata chupa ya chai isiyo na sukari na ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwa jani, za kuliwa damu ikishatolewa. Muuguzi akatoka na daftari, akaita jina, kisha akamtazama Shangazi na buibui lake.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mimi," Shangazi akasema, akainuka naye kumshika mkono, "ni baba yake."

Benchi zima likageuka. Mwenyeji akajifunika mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu usiku ule.